Acheni Kuwaambia Wajawazito "Mtoto Atajichukulia Chake"

Kuna sentensi moja nataka ife mwaka huu. Nimeisikia kwa mashosho, nimeisikia kwa matatu, nimeisoma kwa komenti za TikTok chini ya video ya msichana mwenye mimba akisema hana nguvu hata ya kupanda ngazi. Sentensi ni hii: "Usijali, mtoto hujichukulia chake."

Watu huisema kwa sauti ya upole, kama wanakufariji. Lakini hebu isikize vizuri. Inasema hata mama akishinda na chai ya rangi na mkate, kisha jioni ale ugali na mchuzi, kule ndani mtoto amejipanga. Chuma atapata. Kalsiamu atapata. So hakuna haraka. So baba endelea na kile kipande chako cha nyama. So serikali endelea kulala. Mtoto ni hasla, atajitafutia.

Leo nataka tujue hiyo bili hulipwa na nani.

Na kabla sijaanza, najua komenti ya kwanza itasema nini: "Wewe uliacha chuo, utatufunza nini kuhusu mimba?" Poa. Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Na hizi si siri za madaktari. Ni bayolojia ya kidato cha tatu. Wengi wetu tulichora ule mchoro wa mtoto amejikunja tumboni, tukaandika kazi za plasenta, yaani kondo la nyuma: hupitisha chakula, hutoa uchafu, hutengeneza homoni, hukinga mtoto. Alama nne, fungua ukurasa. Hakuna mwalimu aliyetuuliza hicho chakula kinatoka wapi, ama huo ukingaji unaishia wapi. Na hayo mawili ndiyo maswali yenye maana.

Tuanze na kondo lenyewe. Wakati wa kuzaa huwa na uzito wa nusu kilo hivi, umbo kama chapati nene. Sehemu yake kubwa haikutokana na mwili wa mama. Ilitokana na ile mimba yenyewe, kwa hivyo ni kiungo cha mtoto kilichojishikiza kwa mama. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Zinapita karibu karibu, katikati kuna ukuta mwembamba wa seli. Ukiukunjua huo ukuta wote unapata zaidi ya mita 10 mraba, kubwa kuliko ile nyumba ya futi 10 kwa 10 ambayo wengi wetu tunalipia kodi. Na miezi ya mwisho, zaidi ya nusu lita ya damu ya mama inapita hapo kila dakika.

Sasa angalia vile madini huvuka.

Chuma haitembei ovyo kwa damu. Inabebwa na protini moja, wewe iite boda. Boda ikifika kwa ukuta wa kondo inashikwa na kipokezi, inaingizwa ndani ya seli pamoja na mzigo, inashusha chuma, halafu inarudishwa kwa damu ya mama ikiwa tupu. Ile chuma inatolewa kwa mlango wa upande wa pili na kupakiwa kwa boda ya mtoto. Trafiki inaenda upande mmoja tu, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Kalsiamu ni kali zaidi. Damu ya mtoto tumboni huwa na kalsiamu nyingi kuliko ya mama. Fikiria hapo. Kawaida vitu hutoka penye wingi kwenda penye uchache, lakini hapa inabidi kondo lisukume kalsiamu kupanda mlima, kama pampu ya kupeleka maji gorofa ya tano. Na pampu haizimwi eti kwa sababu tangi la chini limepungua.

Iodini nayo ina mlango wake maalum. Ni madini kidogo sana, mama mjamzito anahitaji maikrogramu 250 tu kwa siku, lakini bila hiyo homoni za shingo hazitengenezwi, na bila homoni hizo ubongo wa mtoto haujengwi inavyofaa. Wiki za kwanza mtoto hana homoni zake kabisa, anategemea za mama. Tezi yake huanza kazi karibu na wiki ya 12. Yaani wakati wengine hata hawajaambia mtu kwamba wana mimba, ubongo tayari unaulizia chumvi yenye iodini.

Kwa hivyo ndiyo, mtoto huchukua. Hapo mashosho hawakukosea. Swali ni moja tu: anachukua kutoka wapi?

Piga hesabu ya chuma. Mimba moja kwa jumla inahitaji kama gramu 1, yaani miligramu 1,000. Mtoto na kondo wanachukua karibu 300. Damu ya mama inaongezeka, hiyo nayo inakula kama 450 ama zaidi. Mwili unapoteza kiasi kila siku kama kawaida, halafu kuna damu ya siku ya kuzaa. Sasa linganisha na akiba. Wanawake wengi huingia kwa mimba wakiwa na akiba ya miligramu 300 ama chini yake, kwa sababu wametokwa na damu kila mwezi tangu wakiwa na miaka 12 ama 13. Unahitaji 1,000, benki kuna 300. Hiyo tofauti inatoka kwa chakula, inatoka kwa tembe, ama inatoka kwa mama mwenyewe. Hakuna mahali pa nne.

Na ikitoka kwa mama, unaijua sura yake. Ni yule dada anayeona giza akisimama. Anayechoka akifua. Moyo unamwenda mbio akitembea tu mpaka dukani. Sisi tunamwambia "ni mimba tu, utazoea." Hapana. Kwa mjamzito, damu ikienda chini ya gramu 11 za himoglobini kwa desilita, huo ni upungufu wa damu, na una jina na una dawa. Utafiti wa kitaifa wa 2011 kuhusu virutubisho ulipata wajawazito kama 4 kati ya 10 hapa Kenya wana upungufu wa damu. Wanne kati ya kumi! Kama ni matatu ya abiria 14 iliyojaa wajawazito, watano ama sita wanasafiri na tangi karibu tupu. Na kuvuja damu baada ya kuzaa ni moja ya sababu kubwa za mama kufa Kenya. Mtu aliyeingia leba akiwa na damu kidogo hana ya kupoteza.

Halafu sasa sikia hii, kwa sababu ndiyo inaua ile sentensi kabisa: mtoto hafaulu kujichukulia kila wakati. Chuma ya mama ikipungua kidogo, kondo hujikaza na kuongeza vipokezi ili linyakue zaidi. Lakini upungufu ukiwa mkali, hata kunyakua hakusaidii. Mtoto anazaliwa na akiba ndogo. Na hiyo akiba ndiyo anaitegemea miezi minne hadi sita ya kwanza, kwa sababu maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Akiba ikiisha mapema, ubongo unajengwa bila madini unayohitaji, na watoto kama hao huwa kwa hatari ya kuwa na shida ya kumbukumbu na kujifunza baadaye. Kisha akifika gredi ya nne tunamwita mzembe.

Kwa hivyo hiyo faraja yenu ni uongo mara mbili. Mama analipa, na bado mtoto anaweza kukosa.

Sasa tuulizane ni nani anafaidika na huo uongo.

Kwanza, meza yetu. Kuna nyumba ambapo nyama ikipikwa, vipande vinahesabiwa kuanzia kwa baba kushuka, na mama hupata mchuzi. Akiwa na mimba, hesabu haibadiliki. Chuma iliyo kwa nyama, samaki na matumbo huingia mwilini kirahisi kuliko ile ya sukuma na maharagwe. Kwa hivyo yule anayehitaji zaidi ndiye anapewa ile ngumu kuingia. Kuna jamii pia ambazo humkataza mjamzito mayai, eti mtoto atanenepa sana ashindwe kutoka. Mayai! Kitu cha bei nafuu chenye protini kinatolewa kwa sahani ya mtu anayejenga binadamu mzima. Halafu mtoto "hujichukulia." Hujichukulia wapi, mkuu, na wewe ndiwe umemaliza sufuria?

Pili, chai. Najua hapa nitapoteza wafuasi. Chai yetu, ya maziwa ama ya rangi, ikinywewa pamoja na chakula hushika chuma ya mboga na maharagwe na kuizuia kuingia. Sisemi uache chai, mimi pia ni Mkenya. Nasema iwe mbali na chakula, saa moja hivi kabla ama baada. Na kwa madondo na managu kamulia ndimu, kwa sababu vitamini C hufungulia chuma mlango. Hakuna anayehitaji digrii kufanya hivyo.

Tatu, unga. Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe madini, chuma na zinki zikiwemo. Safi. Lakini familia ngapi mtaani na ushago zinakula unga wa pakiti kila siku? Wengi wanapeleka mahindi kwa posho mili ama wananunua wa kupimiwa kwa gorogoro, na huo hauongezwi kitu. Maana yake ni kwamba mwenye pesa kidogo zaidi ndiye anapata unga wenye madini kidogo zaidi. Halafu tunamhubiria mjamzito huyo "kula vizuri mama," kama vile shida yake ni nidhamu na si mfuko.

Nne, na hii ni yetu vijana. Ripoti ya afya ya kitaifa ya 2022 ilisema wasichana 15 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Msichana wa miaka 16 bado mwenyewe anajengwa. Mifupa yake bado inaweka kalsiamu, damu yake bado inaongezeka. Sasa ndani yake kuna mtu mwingine anayejenga mifupa pia. Mtoto akizaliwa huwa na kalsiamu kama gramu 30, na sehemu kubwa, kama asilimia 80, ilivuka miezi mitatu ya mwisho. Wiki hizo za mwisho, mtoto peke yake anachukua kalsiamu ya karibu glasi nzima ya maziwa kila siku. Mwili wa mama una ujanja wake, utumbo huanza kunyonya kalsiamu karibu mara mbili. Lakini ujanja hauzidishi sifuri. Kama kwa sahani hakuna, inatolewa kwa mifupa. Mara nyingi mifupa hujijenga tena baada ya kunyonyesha, ila inahitaji chakula cha kujengea. Na shirika la afya duniani, WHO, linashauri wajawazito wanaokula kalsiamu kidogo wapewe tembe zake, kwa sababu inapunguza hatari ya ile presha ya mimba ambayo huua mama na mtoto.

Na huyo msichana wa miaka 16 tunamfanyia nini? Tunampiga skrini shoti. Tunaandika "alitaka mwenyewe." Anaogopa kwenda kliniki kwa sababu anajua atatazamwa vipi kwenye foleni. Anaanza kliniki mwezi wa sita, wakati ile kazi ya mwanzo ya iodini ilishapita kitambo na ile ya chuma na kalsiamu imeanza kupamba moto. Hiyo aibu mnayompa inavuka kondo, wasee. Inavuka ikiwa na sura ya tembe ambazo hakupata.

Tuje kwa odowa. Yale mawe laini yanayouzwa sokoni, kando ya nyanya na vitunguu. Mjamzito akila, nusu ya watu wanacheka, nusu wanasema "mwili unajua unachotaka, una upungufu wa madini." Utafiti uliofanywa Kilifi miaka ya 1990 ulipata zaidi ya nusu ya wajawazito walioulizwa walikuwa wakila udongo, na waliokula ndio walikuwa na chuma kidogo na damu kidogo. Inawezekana hamu inaletwa na upungufu. Lakini udongo hauutibu. Baadhi ya udongo hushika chuma ya chakula tumboni na kutoka nayo. Na udongo haupimwi na mtu. Uingereza, mamlaka za afya zimewaonya wajawazito wasile udongo wa kutafuna unaouzwa huko, kwa sababu ya risasi na arseniki. Kwa hivyo ukiona mtu anatafuna odowa, usimcheke. Mwambie akapimwe damu. Hiyo hamu ni kengele.

Na kwa kuwa nimetaja risasi, tufike kwa uongo wa pili, ndugu ya ule wa kwanza: kwamba mtoto tumboni "amekingwa." Ile pointi ya nne ya mtihani.

Kondo hukinga dhidi ya vitu kadhaa, ndiyo. Vidudu vingi haviwezi kupita. Lakini si askari wa geti mwenye orodha ya wageni. Ni mlango wenye kufuli, na kuna sumu zilizo na ufunguo.

Risasi, hii ya madini, kwa kemia inafanana na kalsiamu. Mwili unaichanganya. Inaingia na tiketi ya kalsiamu kama msee anayeingia uwanjani Kasarani na tiketi ya mwenyewe aliyebaki nyumbani. Ndiyo maana kiwango cha risasi kwa damu ya kitovu huwa karibu na kile cha mama. Mbaya zaidi, risasi nyingi iliyo kwa mwili wa mtu mzima imejificha kwa mifupa, na hukaa humo miaka na mikaka. Mimba ikija na kuitisha kalsiamu kutoka kwa mifupa, risasi inatoka nayo. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Kwa hivyo dada aliyekulia kando ya barabara Nairobi miaka ya tisini anaweza kuwa na risasi ya utotoni mwake ikimfikia mtoto wake leo. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mnaijua Owino Uhuru? Kama hujui, hiyo ndiyo shida yangu na shule zetu. Ni kijiji Mombasa, wakaazi kama 3,000, ambapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa 2007 na kumwaga risasi kwa hewa, maji na udongo. Phyllis Omido alifanya kazi pale, mwanawe mdogo akapatikana na risasi kwa damu, na yeye akaacha kazi akaanza kupigana. Alikamatwa, alitishwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka wa 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka wa 2020 mahakama ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikazungushwa kwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikasimama na wakaazi. Hesabu hiyo miaka: 2007 hadi 2024. Kwa miaka hiyo wanawake wa Owino Uhuru walishika mimba kama wanawake wengine wowote. Ungewaambia nini? "Mtoto hujichukulia chake"? Kwa mahali kama hapo, hiyo sentensi inatisha.

Na dunia ilishajifunza hii kwa uchungu. Minamata, Japani, miaka ya 1950, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwa samaki, watu wakala samaki. Watoto wakaanza kuzaliwa na ulemavu mkubwa huku mama zao wakiwa na dalili kidogo ama hawana kabisa. Wakati huo madaktari waliamini kondo huzuia sumu. Halikuzuia. Zebaki ile ya samaki hujifunga kwa kipande cha protini na kubebwa kama chakula, hadi damu ya mtoto inakuwa na nyingi kuliko ya mama. Wajapani wana desturi ya kuweka kipande cha kitovu cha mtoto kikavu kwenye kisanduku. Daktari Masazumi Harada alikusanya vile vitovu, vikapimwa, na zebaki ikapatikana humo. Ushahidi ulikuwa umekaa nyumbani kwa watu miaka yote.

Sisi pia tuna heshima kwa vitu hivi. Tunasema "kitovu changu kimezikwa" mahali fulani na tunamaanisha hapo ndipo nyumbani. Jamii nyingi huzika kondo kwa utaratibu wake. Basi tuheshimu hilo kondo likiwa bado linafanya kazi. Migori wanawake wanashika zebaki kutafuta dhahabu, na moshi wake pia huvuka kwenda kwa mtoto. Heshima ingekuwa kuwapa njia nyingine ya kutoa dhahabu, si kusubiri kuzika.

Najua jibu lenu kubwa. "Shosho yangu alizaa tisa kwa ugali na mboga za kienyeji, wote wako sawa." Kwanza, uliza vizuri, alizaa wangapi na walibaki wangapi. Hizo hesabu za familia huwa zimekatwa mahali. Pili, shosho alikula managu, terere, omena, mtama na maziwa ya ng'ombe wake, na shamba lilikuwa lake. Wewe unamlinganisha na msichana anayelipa kodi Pipeline na kushinda na chipsi ya hamsini. Tatu, shosho kuvumilia si ushahidi kwamba hakuumia. Muulize meno, muulize mgongo, muulize vile alikuwa akizimia shambani. Mashosho wetu walinyamaza mengi. Tusigeuze kimya chao kuwa sayansi.

So tufanye nini? Sitaki kuacha posti hii kama kelele tu.

Kama una mimba ama unashuku: nenda kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane. Zile tembe za chuma na foliki, miligramu 60 za chuma na maikrogramu 400 za foliki, zimewekwa kwa mpango wa serikali bila malipo, moja kila siku hadi mwisho wa mimba. Zinaweza kukufungia choo, zinaweza kukuletea kichefuchefu, choo kitakuwa cheusi. Hiyo ya cheusi ni kawaida. Ukilemewa, rudi umwambie muuguzi, usizifiche chini ya godoro. Zimeze mbali na chai, na mbali na tembe za kalsiamu kama umepewa, kwa sababu zinapigania mlango mmoja.

Omena na mifupa yake ni kalsiamu. Sukuma pia ni kalsiamu nzuri. Madondo, ndengu, managu na ndimu juu. Chumvi ya pakiti yenye iodini, iwekwe kwa kopo lenye kifuniko.

Kama wewe ndiwe baba ya mtoto: sogeza nyama. Ni hivyo tu. Sogeza sahani upande ule mwingine. Na mpeleke kliniki, uketi naye kwa ile benchi.

Kuna zawadi ya mwisho pia ambayo haigharimu hata bob. Mtoto akizaliwa, kondo bado linampa damu. WHO inashauri kitovu kisikatwe haraka, isubiriwe angalau dakika 1 hadi 3. Kwa muda huo mtoto hupata mililita 80 hadi 100 hivi za damu yake iliyobaki kwa kondo, na chuma yake humsaidia miezi ya mwanzo. Ulizeni kabla ya siku yenyewe: "Daktari, hapa mnasubiri kitovu?" Ni haki yenu kuuliza.

Na kwa wale mnaokalia viti: tembe zikikosekana kwa zahanati, huyo ni mtoto mmenyang'anya kabla hajazaliwa. Unga wa posho mili uwekwe kwa mpango. Viwanda vya betri visijengwe mgongoni mwa mitaa ya maskini. Msitupe semina kuhusu "lishe bora" kwa hoteli yenye bufee.

Sisi wengine, tuanze na kitu kidogo. Ukisikia mtu anamwambia mjamzito "mtoto atajichukulia chake," mkatize hapo hapo. Muulize: kutoka kwa nani? Halafu muulize yeye ameleta nini.

Tagi msee ambaye bibi yake ana mimba. Usiandike kitu. Ataelewa.